Sura ya Saba: Ziwa Moja, Sheria Nne

Kibirizi, kaskazini kidogo ya bandari ya Kigoma, ni mahali pazuri pa kujifunzia mipaka ya nchi. Mashua zinapakia abiria, magunia ya unga na madumu ya mawese kwenda Kagunga, kijiji cha mwisho kabla ya Burundi, na nyingine zinavuka kwenda Kongo. Siku anga likiwa safi, milima ya ng'ambo inaonekana. Kusini kabisa, mwisho wa njia ambayo meli ya Liemba iliipita kwa miongo mingi, iko Mpulungu ya Zambia. Ziwa Tanganyika ni moja, lina urefu wa kilometa zaidi ya 670, na linagawanywa na dola nne.

Mmea wa bangi ukiota kwenye fukwe hizo zote utakuwa mmea uleule, lakini mwenye kuupanda hatapata hukumu ileile. Zambia ilitunga mwaka 2021 sheria mbili, moja ya bangi ya dawa na nyingine ya bangi ya viwandani, ile ya nyuzi na mbegu. Mwenye kibali halima kwa kujificha. Burundi na Kongo zimeukataza. Tanzania nayo imeukataza, na imemwekea mkulima wake adhabu ya miaka 30 jela.

Kila mjadala wa bangi unapoibuka nchini, iwe bungeni Dodoma, redioni au kijiweni, hugawanyika pande mbili papo hapo. Upande mmoja unasema iruhusiwe, kwa kuwa majirani wanapata dola. Upande mwingine unasema isiruhusiwe, kwa kuwa vijana wataharibika akili. Pande hizi mbili zinagombana juu ya mmea huku zikimsahau mtu. Sura hii inadai kwamba kwa mkazi wa Ujiji, Ilagala au Mwamgongo kuna maswali mawili yanayotangulia lile la kuruhusu na kutoruhusu. La kwanza, chini ya marufuku tuliyonayo, ni nani hasa anayebeba adhabu? La pili, ikija siku ya kuruhusu, ni nani atakayebeba faida? Tusipokuwa waangalifu, jibu la kwanza litakuwa mnyonge, na jibu la pili litakuwa mtu mwingine kabisa.

Mmea mgeni, marufuku ngeni

Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji mwezi Februari 1858, wakifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1860, Burton aliwaeleza watu wa bara aliowaona wakivuta bangi kwa kiko cha kibuyu chenye maji, na kikohozi kikali kilichofuata. Hakuandika kama mtu aliyegundua siri. Kwa aliowaona, lilikuwa jambo la kila siku.

Hata hivyo mmea wenyewe haukuzaliwa hapa. Asili yake ni Asia. Uliingia Afrika Mashariki kwa biashara ya Bahari ya Hindi, ukapanda bara pamoja na shanga, vitambaa na desturi nyingine za pwani. Ujiji, mji wa pembe na watumwa, ulikuwa kituo cha mwisho cha nchi kavu kabla ya mitumbwi kuvuka kwenda Manyema. Kilichofika Ujiji hakikukawia kufika ng'ambo.

Huko ng'ambo, magharibi zaidi katika nchi ya Kasai, Mjerumani Hermann von Wissmann alikuta mwaka 1881 jambo la kushangaza. Miongoni mwa Walulua chini ya Chifu Kalamba Mukenge, bangi ilikuwa imefanywa msingi wa dini mpya na siasa mpya. Wafuasi wake walijiita Bena Riamba, yaani wana wa bangi. Walizichoma hirizi za zamani, wakavuta pamoja kama alama ya amani kati ya koo zilizokuwa zikiuana, na mkosaji aliweza kuhukumiwa avute mpaka azirai. Tusiwapambe sana, maana utawala wa Kalamba ulikuwa na ukali wake, na waliokataa dini hiyo waliujua. Lakini walikuwa wameiwekea bangi kanuni, mahali pake na wakati wake. Wissmann aliendelea na safari hadi Ziwa Tanganyika, akatokea Saadani pwani mwezi Novemba 1882. Mwaka 1895 akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Marufuku yalikuja kwa njia nyingine. Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ilipiga marufuku bangi ya kuvuta mwaka 1903. Mwaka 1925, katika mkutano wa Geneva, wajumbe wa Misri walishinikiza bangi iingizwe kwenye mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizungumzia zaidi afyuni na kokeini, na ikaingizwa. Tanganyika, iliyokuwa mikononi mwa Waingereza kwa dhamana ya Shirikisho la Mataifa, ikawa ndani ya mkondo huo. Mkataba Mmoja wa mwaka 1961 uliipanga bangi katika jedwali la dawa zilizobanwa kuliko zote, pamoja na heroini. Ilichukua karibu miaka 60 kwa kamisheni ya Umoja wa Mataifa kuiondoa kwenye jedwali hilo. Kura ilipigwa Desemba 2020, nchi 27 zikikubali na 25 zikikataa. Kuondolewa huko hakukuihalalisha. Kulikiri tu kwamba mmea huu una matumizi ya kitiba.

Historia hii inapunguza makali ya pande zote mbili. Anayesema bangi ni mila yetu na marufuku ni ya mkoloni, akumbuke kwamba bangi nayo ililetwa na msafara. Anayesema marufuku ndiyo maadili yetu ya asili, akumbuke kwamba yaliandikwa Geneva kabla babu zake hawajaulizwa. Asili haitatuamulia. Tutazame sheria inavyofanya kazi leo.

Watu wanne na mizani

Tanzania ilitunga sheria yake kuu ya dawa za kulevya mwaka 1995, kisha ikaibadilisha kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyozaa Mamlaka yenye jina hilohilo, na kuongezwa makali kwa marekebisho ya mwaka 2017. Mwaka huohuo wa 2017 ndio ambao Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wakati huo, Paul Makonda, alisoma hadharani majina ya wasanii, wafanyabiashara na wanasiasa aliotaka wahojiwe. Vita vikaonekana kama tamthilia ya watu wenye majina. Lakini magerezani vita vilikuwa na sura nyingine.

Tuchukue watu wanne wa kubuni ambao kila anayeufahamu mwambao huu anaweza kuwatambua.

Wa kwanza ni kijana wa dagaa. Analala mchana, anaingia ziwani usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, kwa sababu dagaa hufuata taa. Mfukoni ana msokoto mmoja. Wenzake husema unaondoa baridi na usingizi. Daktari atasema unaondoa pia umakini wa mtu aliye juu ya maji yenye kina cha zaidi ya mita 1,400. Akikamatwa, sheria inamhesabu kama mwenye kiasi kidogo, na adhabu ni faini au kifungo. Tatizo liko kwenye hiyo "au". Julai 2018 mwigizaji mashuhuri wa filamu alitiwa hatiani na mahakama ya Kisutu kwa bangi iliyopungua gramu mbili, akahukumiwa faini ya shilingi milioni 2 au kifungo cha mwaka mmoja. Mwenye milioni mbili huenda nyumbani kwake. Kijana wa dagaa, ambaye pato lake linategemea mwezi, upepo na mgawo wa mwenye chombo, huelekea gereza la Bangwe.

Wa pili ni mzee wa milimani mwenye mashina machache katikati ya mihogo. Kigoma si Tarime wala Arumeru, ambako majina ya vijiji hutajwa katika taarifa za mashamba yaliyoteketezwa, lakini mmea huu hauchagui mkoa. Yeye hayuko tena kwenye kundi la mvutaji. Ni mkulima wa mmea uliopigwa marufuku, na sheria inamwekea miaka 30. Kosa la mashina kumi na kosa la ekari kumi yanasimama chini ya kifungu kimoja. Mtu wa miaka 50 akipewa adhabu hiyo, kilichobaki ni kuitafutia familia yake mtu wa kuiangalizia shamba.

Wa tatu ni mbebaji. Ni nahodha wa mashua au kijana aliyepewa kifurushi afikishe kwa fulani ng'ambo ya pili. Neno "kusafirisha" katika sheria yetu ni pana kuliko barabara na maji. Linabeba kununua, kuuza, kuhifadhi, kutoa na kugawa. Hata aliyempa mwenzake bila kupokea senti anaweza kuingia humo. Kwa mzigo ulio chini ya kiwango kilichowekwa, hukumu inaweza kufika miaka 30. Ukizidi kiwango, ni kifungo cha maisha.

Wa nne ni mwenye mali. Hayuko kwenye mashua, wala hayuko shambani. Jina lake halijaandikwa kwenye kifurushi. Sheria inamhusu, tena kwa ukali wote, lakini mizani ya hakimu haipimi asiyeletwa mahakamani. Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno huu umekuwa ukikata vichipukizi, kwa kuwa ndivyo vilivyo karibu na mkono.

Tunahesabu kwa kilo, na hilo lina madhara yake. Kwa mwaka 2023 Mamlaka ilitangaza kukamatwa kwa zaidi ya kilo milioni 1.9 za dawa za kulevya za aina zote, na watuhumiwa zaidi ya 10,000. Sehemu kubwa kabisa ya uzito huo ilikuwa bangi. Ni kazi iliyofanywa na askari waliopanda milima na kulala porini, na haifai kudharauliwa. Lakini kilo moja ya heroini inaweza kuharibu mtaa mzima na ikaonekana ndogo kwenye taarifa ya mwaka, wakati shamba moja la majani mabichi linajaza ukurasa. Ukipima ushindi kwa uzito, utajikuta unakimbilia kilicho kizito, na kilicho kizito mara nyingi kiko kwa aliye dhaifu.

Kikombe cha methadoni

Watu wengi wakisikia neno mageuzi ya sera ya dawa za kulevya hudhani maana yake ni duka la bangi mtaani. Tanzania yenyewe imeshathibitisha kwamba si lazima iwe hivyo, na imethibitisha kwa dawa iliyo hatari kuliko bangi.

Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa waraibu wa heroini tiba ya methadoni. Ilikuwa kliniki ya kwanza ya umma ya aina yake katika bara la Afrika kusini mwa Sahara, ukiacha visiwa. Zilifuata Mwananyamala na Temeke, kisha Zanzibar, Mbeya, Dodoma, Mwanza na kwingineko. Mgonjwa huja kila siku, hunywa dozi yake mbele ya muuguzi, na hurudi nyumbani au kazini. Sababu kubwa ya kuanzisha tiba hiyo ilikuwa virusi vya Ukimwi, vilivyokuwa vikienea kwa kasi kati ya waliokuwa wakijidunga kwa kuchangia sindano. Aliyekuwa akiitwa teja na kufukuzwa kama mbwa akaanza kuwa na namba ya kadi, na kadi ikawa mwanzo wa kurudi kwa watu wake.

Hakuna aliyehalalisha heroini. Muuzaji bado anakabiliwa na kifungo cha maisha. Kilichobadilika ni kwamba dola ilitenganisha mtu mgonjwa na mtu mfanyabiashara, ikampeleka wa kwanza hospitali na wa pili mahakamani. Ilifanya hivyo kwa sababu takwimu za afya zililazimisha, na viongozi wakapata ujasiri wa kuzisikiliza.

Matokeo yake ni hali isiyo na mantiki. Mtumiaji wa heroini wa Kinondoni ana kliniki inayomsubiri asubuhi. Mvutaji wa bangi wa Katonga, Kigoma, ana karandinga. Heroini inaua kwa dozi kuzidi na kwa sindano. Bangi, pamoja na madhara yake ambayo nitayaeleza bila kuyapunguza, haiui kwa njia hiyo. Huruma tuliyoipata kwa kosa kubwa tumeinyima kosa dogo.

Kibali cha mwenye mtaji

Tuugeukie sasa upande wa wanaotaka iruhusiwe. Hoja yao inavutia. Lesotho ilianza kutoa vibali vya bangi ya dawa mwaka 2017. Zimbabwe ilifuata mwaka 2018, Malawi ikapitisha sheria mwaka 2020. Rwanda, jirani tunayepakana naye, iliidhinisha Oktoba 2020 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, huku kuvuta kukibaki kosa kubwa la jinai. Uganda imekuwa na shamba la kampuni yenye ubia wa Kiisraeli huko Kasese. Kenya, mwaka 2018, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliandika kwa Spika akipendekeza muswada wa kuiondolea bangi ujinai. Alifariki dunia Julai 2019 kabla hoja hiyo haijafika popote. Katika uchaguzi wa 2022 Profesa George Wajackoyah aliahidi kulipa deni la taifa kwa bangi. Akapata umaarufu mkubwa kuliko kura. Hazikufika nusu ya asilimia moja.

Hata bungeni kwetu wamewahi kusimama wabunge kutaka serikali ifikirie bangi kama zao la biashara. Jibu limekuwa hapana, ingawa sheria yenyewe imeacha upenyo wa kibali kwa matumizi ya kitiba na kisayansi.

Kabla hatujashangilia au kulaani, tutazame bei ya kuingilia. Zimbabwe ilipoanza, kibali kilitangazwa kwa dola 50,000. Malawi, kibali cha kulima bangi ya dawa kiliwekwa dola 10,000 kwa mwaka. Na hiyo ni ada tu. Bangi ya dawa inayonunuliwa Ulaya hailimwi kama mihogo. Inataka banda linalodhibiti joto na unyevu, maabara ya kupima kemikali, uzio, kamera, walinzi, na vyeti vya ubora vinavyokaguliwa na wageni. Mkulima wa kahawa wa Kalinzi, ambaye chama chake cha ushirika kinahangaika kupata pembejeo kwa wakati, hana mlango wa kuingilia humo. Atakachopata, akibahatika, ni kibarua ndani ya uzio wa mwingine.

Kwa hiyo inawezekana kabisa kuwa na nchi ambamo mwekezaji analima hekta ishirini kwa kibali na kupigiwa makofi siku ya uzinduzi, na mzee wa mashina kumi yuko mwaka wa saba wa kifungo chake kwa mmea uleule. Rwanda iko karibu na picha hiyo. Kuruhusu kwa namna hii hakuondoi dhuluma. Kunaigawa upya tu.

Kigoma inajua zao linavyojengwa likitakiwa kumfikia mtu mdogo. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja na kampeni ya michikichi. Kituo cha utafiti cha Kihinga kikapewa jukumu la mbegu bora, gereza la Kwitanga likaingizwa kwenye kazi, na miche ikagawiwa kwa wakulima. Kampeni ina upungufu wake, na mchikichi hauzai kwa mwaka mmoja. Lakini ulianza na mbegu mkononi mwa mkulima. Yeyote anayekuja na ndoto ya dola za bangi aulizwe mapema kama ana mpango wa namna hiyo, au ana bahasha ya kampuni tu.

Hoja zisizofaa kupuuzwa

Wanaopinga kuruhusu wana hoja nzito, na watetezi wa bangi hawazitendei haki wanapozicheka.

Ya kwanza ni akili ya kijana. Ubongo wa binadamu unaendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Kuvuta mara kwa mara katika umri huo kunahusishwa na kumbukumbu dhaifu, kushuka shuleni na, kwa wenye mwelekeo huo katika familia, ugonjwa wa akili wa kuona na kusikia yasiyokuwepo. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi wanaovuta hupata uraibu, na uwiano huwa mbaya zaidi kwa walioanza wakiwa wadogo. Bangi nayo si ile ya zamani. Skanka, aina yenye kemikali ya kulevya nyingi kuliko bangi ya kawaida, imekuwa ikikamatwa nchini kwa wingi miaka ya karibuni. Hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe iko Dodoma, na kutoka Kagunga hadi Dodoma ni mashua, kisha treni au basi.

Ya pili ni dini. Ujiji ni mji wa Kiislamu tangu enzi za misafara, na makanisa ya Kigoma yana sauti kubwa vijijini. Kwa wanazuoni wengi wa Kiislamu, chenye kulevya kina hukumu moja kiwe cha kunywa au cha kuvuta. Sera inayojengwa kwa kuwadharau masheikh na mapadri haitadumu mwambao huu.

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni uwezo. Thailand iliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa Juni 2022 kabla haijatunga kanuni za kuisimamia. Maduka yakaota kama uyoga. Miaka mitatu baadaye, Juni 2025, serikali ikarudi nyuma na kuibana iuzwe kwa cheti cha daktari tu. Nchi inayoruhusu kabla ya kujenga usimamizi hukabidhi watoto wake kwa soko.

Nazikubali hoja hizi tatu. Lakini zitazame vizuri. Zinapinga duka. Hakuna hata moja inayotetea miaka 30 kwa mashina kumi. Mtoto wa darasa la saba wa Gungu hapati ulinzi wowote wa ubongo wake kwa mzee wa mlimani kufungwa maisha yaliyobaki. Dini inayokataza ulevi inafundisha pia uwiano wa kosa na adhabu. Na dola yenye uwezo mdogo ina sababu kubwa zaidi ya kuutumia kwa mwenye mali badala ya kuumaliza kwa mvutaji.

Kazi ya kufanya

Kati ya kuruhusu kila kitu na kufunga kila mtu kuna nafasi pana, na nchi nyingine zimeshaitembea. Ureno tangu mwaka 2001 inamchukulia mtu aliyekutwa na dawa za kumtosha siku kumi kama mwenye kosa la kiutawala. Anapelekwa mbele ya jopo lenye mtaalamu wa sheria na wataalamu wa afya au ustawi wa jamii, wanaoamua kama anahitaji tiba, faini au onyo. Muuzaji anabaki na kosa la jinai. Afrika Kusini, kwa hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Septemba 2018, iliacha kumwadhibu mtu mzima anayetumia faraghani, na ikachukua miaka kadhaa kutunga sheria ya kufuata. Ujerumani iliruhusu matumizi ya watu wazima kwa mipaka Aprili 2024. Kila moja ilichagua kiwango chake. Hakuna iliyolazimika kuchukua yote.

Kwa Tanzania ningeanza na mambo matatu. Kwanza, mvutaji mtu mzima wa kiasi kidogo aondolewe mahakama ya jinai na apelekwe mfumo wa afya na ustawi wa jamii, kama tulivyofanya kwa mraibu wa heroini. Faini, ikiwapo, ilingane na pato la mtu, isiwe tiketi ya gerezani kwa asiye nacho. Pili, kifungu cha kilimo kitofautishe mashina na ekari, na hakimu apewe nafasi ya kutoa adhabu inayolingana na kosa analoliona mbele yake, ikiwamo kumwamuru mkulima ang'oe na kupanda kingine. Tatu, kama siku moja serikali itaamua kutoa vibali vya bangi ya dawa, vitolewe kwa sharti kwamba sehemu ya kilimo ipite kwenye vyama vya ushirika, na kwamba hakuna kibali kitakachotiwa saini kabla mafaili ya wakulima wadogo waliofungwa hayajapitiwa upya.

Lipo la nne linaloihusu Kigoma peke yake. Hatua yoyote ya nchi moja itavuja kwa sababu ya ziwa. Zambia ikitoa vibali kusini na Burundi ikifunga kaskazini, bei zitavuta mizigo majini. Watu husema nchi nne haziwezi kukubaliana. Zimeshakubaliana. Mkataba wa ziwa ulisainiwa Dar es Salaam Juni 2003, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina makao yake Bujumbura, na kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 upande wa Tanzania ulisimamisha uvuvi kwa mujibu wa makubaliano ya nchi hizo, ili samaki wazaliane. Wavuvi walinung'unika, na wengine waliumia kweli. Lakini mwalo wa Kibirizi ulinyamaza kwa miezi mitatu kwa sababu ya uamuzi wa pamoja. Meza iliyojadili dagaa inaweza kujadili pia kijana anayevua dagaa: anapovuka na msokoto mfukoni, ahesabiwe nini upande huu na upande ule?

Mjadala wa bangi utarudi bungeni, kwa sababu majirani hawatasimama kutusubiri. Atakayesimama kuomba iruhusiwe aulizwe kwanza atamfanya nini aliyeko Bangwe kwa mashina yake, na mkulima wa Kalinzi ataingilia wapi. Atakayesimama kupinga aulizwe miaka 30 hiyo imemkinga mtoto gani, na mwenye mali amefungwa lini. Wa kwanza akikosa jibu, ameleta ombi la biashara. Wa pili akikosa jibu, ameleta hofu yake. Sera ya nchi inataka zaidi ya hivyo viwili.